Kuni niliyookota Kibirizi

Kigoma, Jumapili usiku

Alhamisi alfajiri nilikuwa mwaloni Kibirizi, nimefuata dagaa. Mitumbwi ilikuwa inaingia, taa za kuvulia bado zinawaka, akina mama wamejipanga na ndoo zao. Mara nikasikia, "Mwizi! Mwizi!" Kijana wa miaka kama kumi na minne amekamatwa na sado ya dagaa isiyo yake. Nami, mtu mzima ninayefundisha watoto wa watu, nikainama nikaokota kuni. Sikuibiwa mimi, wala kijana simjui. Niliokota kwa sababu wenzangu waliokota, na hilo limeninyima usingizi siku tatu.

Mwenye mali, mama wa makamo, alipenya katikati yetu akamshika kijana mkono. "Dagaa ni wangu, na huyu niachieni mimi." Kisha akamgeukia: "Mwanangu, umechukua jasho langu. Twende ukanisaidie kuanika."

Wakaenda chanjani. Kazi ile haina mchezo: dagaa hutandazwa, hugeuzwa kwa mkono ili upande wa chini usivunde, na kunguru hawapumziki hata dakika. Nilipopita tena mchana bado walikuwa pale wawili, mgongo kwa mgongo, magamba yakimeta mikononi. Ugali ulipoletwa, kijana alipakuliwa kwanza.

Muhula huu nasoma habari za Gandhi, Mhindi aliyewapinga watawala bila kutumia nguvu, ili nizisimulie darasani, na nakiri siku zote nilichukulia kutotumia nguvu kuwa ni kuvumilia na kunyamaza. Ndiyo maana sikuwa nimeyatilia maanani mashamba yake. Mwaka 1904, karibu na Durban, Afrika Kusini, alianzisha makazi ya Phoenix, ambako wachapaji wa gazeti lake walitakiwa pia kulima. Mwaka 1910 likafuata shamba la Tolstoy, karibu na Johannesburg. Pale watu walipika na kusafisha vyoo wenyewe, bila watumishi, na yeye mwanasheria akajifunza kushona makubazi. Kumbe watu wale walikuwa wanazoea kuishi kwa kidogo na kuchoka pamoja, wasije wakatishika serikali ikiwanyima kazi au kuwatia jela kwa kuzipinga sheria zake.

Hata safari ya chumvi ya 1930 ilikuwa kazi ya miguu. Alikuwa na miaka 60. Alitembea siku 24 hadi Dandi, pwani ya India, kilomita zipatazo 385, karibu sawa na reli ya kutoka hapa hadi Tabora. Tarehe 6 Aprili akaokota chumvi ufukweni, chumvi ambayo sheria ya Waingereza ilimkataza Mhindi kujitengenezea. Sisi tuliokulia kwenye chumvi ya Uvinza, tunaojua maji ya chemchemi yalivyokuwa yakichemshwa kutwa hadi chumvi ibaki, tungepaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengi.

Yule mama hajasoma lolote kati ya haya. Kipigo chetu kingekwisha kwa dakika tano, kila mtu akaenda zake. Yeye alitoa siku nzima, na sahani ya chakula juu yake.

Leo baada ya ibada nimepita Kibirizi. Kijana yuko pale, amekuja tena bila kuitwa. Akanyanyua uso: "Shikamoo, mwalimu." Sijui kama alinitambua. Nikaitikia marahaba, nikavua viatu, nikauliza nianzie chanja ipi.