Besimenti: Chumba Anachopewa Mgeni Minnesota

Mhamiaji anayefika Minnesota na kupokewa na ndugu zake mara nyingi hulazwa katika ghorofa iliyo chini ya ardhi, ambayo sisi Waafrika Mashariki wa huku huiita besimenti. Vyumba vingine vya nyumba za Kimarekani havimsumbui mgeni: jiko aghalabu halina ukuta wa kulitenga na sehemu ya kulia, na gereji imeungana na nyumba ili mtu aingie garini bila kukanyaga theluji. Besimenti ndiyo isiyo na mfano wake katika nyumba nyingi za kwetu, na usalama wa anayelala humo unategemea mambo ambayo wenyeji hudhani kila mtu anayajua.

Asili yake ni baridi. Maji yaliyomo udongoni yakiganda hutanuka na kuinua kilichojengwa juu yake, kwa hiyo kanuni za ujenzi za Minnesota zinataka msingi uzame sentimita 107 hivi kusini mwa jimbo na sentimita 152 hivi kaskazini. Mjenzi aliyekwisha kuchimba kiasi hicho akiongeza kina hupata ghorofa nzima. Humo huwekwa tanuri la gesi linalopasha nyumba joto, tangi la maji ya moto na, mara nyingi, mashine ya kufulia; na king'ora cha tahadhari ya kimbunga kikilia, familia yote hushukia humo, mbali na madirisha.

Kulala humo ni jambo jingine. Kanuni zinataka chumba cha kulala cha chini ya ardhi kiwe na dirisha ambalo mtu mzima anaweza kulifungua na kutokea moto ukizuka ngazini, na ukingo wake wa chini usizidi sentimita 112 hivi kutoka sakafuni. Kijidirisha cha juu kinachopitisha mwanga tu hakitoshi, hata godoro likiwa jipya na zulia safi. Aidha, sheria ya jimbo inataka kifaa cha kutambua gesi ya sumu ya kaboni monoksidi kiwekwe umbali usiozidi mita 3 hivi kutoka kila chumba cha kulala, kwani tanuri bovu huweza kutoa gesi hiyo, nayo haina harufu. Najua adabu zetu hazimruhusu mgeni kukagua malazi aliyopewa kwa upendo. Hata hivyo, naamini kumwuliza mwenyeji kwa upole dirisha linafunguka vipi na kifaa kiko wapi si kumvunjia heshima.

Limebaki suala la radoni, gesi ya mionzi inayopenya kutoka udongoni na kujikusanya zaidi chini, ambayo nchini Marekani ni ya pili baada ya sigara katika kusababisha saratani ya mapafu. Kipimo chake ni cha bei nafuu, nacho huachwa chumbani kwa siku chache kisha hupelekwa maabara. Kiwango kikifikia pikokyuri (kizio cha kupimia mionzi) 4 kwa lita ya hewa, mamlaka ya mazingira ya Marekani inashauri nyumba irekebishwe, kwa kawaida kwa kuweka bomba na feni vinavyoivuta gesi hiyo kutoka chini ya sakafu na kuitoa juu ya paa.