Kofia Yangu na Tiara ya Marconi

Dola 28 za teksi kutoka hotelini hadi Signal Hill, kilima cha mji wa St. John's, Kanada, mwendo usiofika dakika kumi! Kwa fedha hiyo Tanga ningekodi bajaji kutwa nzima, na chai juu. Nikalipa huku nasonya, nikafungua mlango, upepo ukaufunga. Nikausukuma tena. Nilipotoa kichwa tu, kofia yangu ya kiua, aliyoishona shangazi miezi mitatu, ikaondoka. Haikuanguka, ilipaa! Ikazunguka mnara wa Cabot, ikashika njia ya Atlantiki. Nikabaki nimeshika upara.

"Hata Marconi alinyang'anywa," akasema mama wa duka la zawadi.

Na kweli. Desemba 1901 Guglielmo Marconi, Mwitaliano wa miaka 27, alikuja hapa St. John's na wasaidizi wawili, Kemp na Paget. Wenyeji aliwaambia anajaribu kuwasiliana na meli. Kumbe alitaka kunasa mawimbi ya redio kutoka Poldhu, Cornwall, Uingereza, ng'ambo ya bahari, zaidi ya kilomita 3,000. Wapo wataalamu waliosema haiwezekani: dunia ni mviringo, mawimbi yatanyooka yapotelee angani. Ilibidi ainue waya juu sana, na hapo ndipo upepo ulipomtia adabu. Puto lilikatika likaenda zake. Tarehe 12 tiara ya kwanza nayo ikaenda. Ya pili ikashika, ikawa inayumba na waya wa mita 150 hivi, naye Marconi ameketi ndani ya hospitali iliyohamwa, kisikilizio sikioni. Saa sita na nusu mchana: ti, ti, ti. Nukta tatu, herufi S ya Morse. Akampa Kemp, naye akasikia.

Basi, hao wawili tu, na hakuna kilichochapwa kwenye karatasi. Wapo wanaobisha hadi leo. Mimi, niliyeshindwa kumsikia dereva aliye hatua tatu, nusura nijiunge nao. Lakini Februari 1902, Marconi akiwa ndani ya meli iitwayo Philadelphia, mashine ilichapa ishara za Poldhu kwenye utepe, nahodha akatia saini. Nobeli ya fizikia ya 1909 aligawana na Mjerumani Ferdinand Braun.

Jioni, mbele ya supu ya samaki (dola 19, samaki wa kutafuta), nikamkumbuka babu. Waya wa erio wa redio yake ulifungwa mnazini. Kusi ikivuma, sauti inakoroma, na mimi natumwa uani kuushika. "Hapo hapo, usipumue!" Nasimama mkono juu hadi taarifa ya habari iishe.

Asubuhi shangazi akapiga simu. Kofia inanikinga baridi? Nikamwambia mtandao unakatika.