Mashine 11 Zilizoamka

Saa saba na dakika kumi usiku nilikuwa kitandani kwangu Umoja, laptopu magotini, nikihesabu. Kumi na moja. Maabara ina kompyuta 28, zote nimezitia nakala moja ya Windows kwa mkono wangu, na kumi na saba zilikuwa zimelala fofofo kana kwamba sijaziita.

Nafanya kazi katika chuo kidogo kando ya Jogoo Road. Mimi ndiye IT nzima, kuanzia wino wa printa hadi rauta. Kompyuta zetu ni ex-UK, tulizinunua mjini, pande za Luthuli, kwa mafungu mawili ya aina mbili. Nia yangu ilikuwa ndogo tu: wanafunzi wakienda nyumbani mashine zilale, usiku niziamshe kutoka mbali, zipakue masasisho ya Windows wakati hakuna anayegombania laini, kisha zilale tena.

Jaribio la kwanza halikuamsha hata moja, na hapo Windows haikuwa na kosa. Askari wetu wa usiku aliambiwa tokeni za stima zinaisha haraka, basi kila jioni anapita akizima soketi za ukutani. "Madam, niliona taa zinapepesa huko nyuma nikajua mmesahau," akaniambia. Nikamjibu, mzee wangu, hiyo taa ndiyo sikio la mashine. Kompyuta ikilala, kadi ya mtandao hubaki ikinywa umeme kidogo na kungoja pakiti moja ya pekee: baiti 6 za FF, kisha anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kadi hiyo, ikirudiwa mara 16. Baiti 102 tu. Soketi ikizimwa, hakuna wa kuisikia. Sasa soketi za maabara zina vibandiko, na mzee hukagua kama vipo.

Basi usiku wa pili ndio huu wa kumi na moja.

Nirudi nyuma kidogo. Mara ya kwanza kabisa kutengeneza imeji, yaani nakala ya Windows ya kumwaga kwenye mashine zote, nilikaa mbele ya mashine mama nikapanga kadi yake kwa kubofya: hapa weka tiki, pale toa. Nikaendesha Sysprep, programu ya Windows ya kuiandaa mashine inakiliwe, nikanakili, na mashine zote zikaamka na kadi zenye mipangilio ya kiwandani. Nililaumu flashi, nikalaumu hata draiva. Ukweli ni kwamba mipangilio hiyo haikai kwenye Windows kwa jumla, inakaa chini ya jina la kadi moja. Sysprep ikiambiwa isahau mashine, inaisahau na kadi yake. Nakala ikifika kwenye mashine mpya, Windows inaikuta kadi kama mgeni aliyebisha hodi sasa hivi, inaipa kitambulisho kipya na mipangilio ya draiva. Kuna mpangilio uitwao PersistAllDeviceInstalls wa kuizuia isisahau, lakini hiyo inafaa mashine zikiwa za aina moja, na zangu ni aina mbili.

Kwa hiyo mipangilio lazima iandikwe baada ya mashine kuamka mara ya kwanza. Nilijaribu SetupComplete.cmd, faili ya amri ambayo Windows huendesha ikimaliza kujisakinisha, ikanyamaza kimya. Faili hiyo hairukwi bure: Windows ikiwa na ufunguo wa OEM, ule unaokuja na mashine kutoka kiwandani, haiisomi, isipokuwa matoleo ya Enterprise na ya seva. Nikahamishia amri zangu kwenye FirstLogonCommands, orodha ya amri za mtu anapoingia mara ya kwanza, ndani ya faili ya majibu ya usakinishaji, unattend.xml, zikakimbia.

Shida ikawa amri zenyewe. Wakati huo wanafunzi walikuwa wakilalamika kwamba mtandao unakatika mashine ikikaa bila kuguswa, na ushauri niliouokota ulisema andika PnPCapabilities iwe 24 kwenye rejista, ghala la mipangilio ya Windows, chini ya ule ufunguo mrefu wa kadi za mtandao unaoanza na 4d36e972, kwenye 0001, ambayo ni namba ya kadi moja. Nikaandika bila kuuliza 24 ni nini.

Usiku ule ndipo nilipofungua orodha yetu ya mali. Fungu la pili la kompyuta: 11. Hapo usingizi ukaisha. Kwenye fungu la kwanza, 0001 ni kadi ya waya. Kwenye la pili, 0001 ni ya wayalesi, ya waya iko 0002, kwa sababu Windows huzipa kadi namba jinsi inavyozikuta. Mashine 11 ziliamka kwa kuwa skripti yangu ilikosea mlango. Zile 17 ilipopatia ndizo nilizoziua masikio, maana 24 inaizuia Windows isiizime kadi, na papo hapo inaizuia kadi isiamshe mashine. Mambo mawili ndani ya namba moja, nami nilitaka nusu yake.

Skripti ya sasa haitaji namba ya mlango. Inauliza kwa amri ya PowerShell, Get-NetAdapter -Physical, kadi zipi zipo, inachukua zile ambazo PhysicalMediaType ni 802.3, yaani za waya, inafuta ile 24 ikiwepo, kisha inapanga kwa -RegistryKeyword: "*WakeOnMagicPacket", kuamka kwa ile pakiti, iwe 1, "*EEE" iwe 0. Usitumie majina ya mipangilio yanayoonekana kwenye dirisha la kadi, kila mtengenezaji ana lake. Yale yenye nyota mbele ni ya pamoja. Na hiyo EEE, uokoaji nishati wa Ethaneti, ndiyo iliyokuwa ikikata laini tangu mwanzo. Swichi yetu haikupatana nayo.

Kwa wanaozima kabisa badala ya kulaza, nilifunga Fast Startup, ule uwashaji wa haraka wa Windows, yaani HiberbootEnabled iwe 0, kisha nikazunguka na kiti cha magurudumu nikiingia BIOS ya kila mashine, ile programu ya ubao wenyewe, kuiruhusu iamke ikiwa imezimwa, moja baada ya nyingine. Hiyo haina skripti kwangu, ni kidole tu na Jumamosi nzima.

Namba 19 ikilazwa huamka vizuri. Ikizimwa haiamki, kwa sababu BIOS yake ina nywila ya mwenyewe wa zamani, huko Uingereza. Nimeibandikia karatasi: LAZA, USIZIME. Wiki iliyopita nilikuta mtu ameongeza chini yake kwa kalamu nyekundu: "na mtoto wako pia".