Nilivyopima utunzaji wa kumbukumbu kwenye taasisi za umma bila kutegemea dodoso

Mimi ni afisa kumbukumbu, hapa hapa Tanzania, na kuna kipindi tulipewa kazi timu ndogo tuzungukie taasisi kadhaa za umma tuone kumbukumbu zao zinatunzwaje. Naandika hii kwa sababu naona vijana wanaotoka Chuo cha Utumishi wa Umma wanapewa kazi kama hiyo na wanachokabidhiwa ni dodoso tu, kurasa kibao, mna sera ya kumbukumbu, ndiyo au hapana, mna mwongozo wa masjala, yaani ofisi inayopokea barua na kutunza majalada, ndiyo au hapana, halafu wanajumlisha alama wanapeleka ripoti. Jamani ripoti ya hivyo haikuambii kitu. Ofisi ukiiuliza kama ina sera itakujibu ndiyo, na kweli ipo, ina saini na muhuri, iko kwenye droo ya mkurugenzi na mtu wa masjala hajawahi kuiona kwa macho.

Sisemi ofisi kujipima yenyewe hakuna maana. Marekani taasisi yao ya nyaraka, NARA, tangu 2009 inazitaka taasisi za serikali kuu zijipime kwa maswali kila mwaka, alama ni kati ya 0 na 100, ukipata chini ya 60 unahesabiwa uko kwenye hatari kubwa. Lakini wenzetu hawaishii kwenye majibu, wanatuma watu wakakague pia. Hicho kipande cha pili ndo sisi tuliamua kianze, dodoso likafuata mwishoni.

Tulifanya hivi. Tukifika tunaomba rejista ya barua zinazoingia, tunachagua barua ishirini za miezi tofauti, nyingine za juzi juzi nyingine za miaka mitano nyuma, tunanakili namba ya kumbukumbu na tarehe, halafu tunawaambia wa masjala tunaomba hayo majalada, na saa tunaiangalia. Wanajua tunakuja ila hawajui tutaomba nini. Jalada likija ndo kazi inaanza, je barua imo, imepewa namba ya folio, yaani namba yake ya mfuatano ndani ya jalada, kwenye dokezo, ile karatasi ya maagizo ndani ya jalada, unaona nani aliifanyia kazi na aliamua nini, jibu lilitoka lini na nakala imebaki? Kisha tunageuza, tunachukua majalada yoyote kwenye raki na kuangalia kama barua zilizomo zinaonekana kwenye rejista, maana zipo barua zinazoingia kwa mlango wa bosi moja kwa moja, zinafanyiwa kazi na masjala haijui kama ziliwahi kuwepo. Ukipita njia zote mbili unapata picha ambayo hakuna mtu anaweza kukupambia.

Na kitu kilichotushangaza wote, mara nyingi tatizo halikuwa masjala. Sehemu moja tuliomba jalada la fidia ya ardhi, mama wa masjala, mtu mzima anayeijua kazi yake, akatufungulia rejista ya mwenendo wa majalada akasema, "Mwanangu, hilo lilitoka hapa mwezi wa tatu, yule pale amesaini, nimemkumbusha mpaka nimechoka, mimi nitamnyang'anya bosi faili?" Na kweli tulimkuta huyo bosi na majalada yamejaa kabatini kwake, mengine ya idara ambazo alishahama. Kwenye dodoso hiyo masjala ingepata alama mbaya kwa majalada kutopatikana, wakati aliyeshindwa ni ofisa wa ghorofa ya juu. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya 2002 imeweka wazi kwamba mkuu wa ofisi ya umma ndiye mwenye jukumu la kuhakikisha kumbukumbu za ofisi yake zinaandaliwa na kutunzwa ipasavyo, sasa kwa nini lawama zote zinaenda kwa msaidizi wa kumbukumbu anayelipwa kidogo kuliko wote kwenye jengo?

Hapa niseme wazi linaloniumiza. Kuna ofisi masjala imegeuzwa sehemu ya adhabu, mtu akikosana na idara yake anapelekwa masjala, na yule mwenye stashahada ya utunzaji kumbukumbu anatumwa kupeleka barua na kununua maji ya kikao. Tulianza kuandika kwenye ripoti kila ofisi ina wangapi waliosomea na hao waliosomea wanafanya kazi gani hasa, na hiyo safu moja ilieleza mambo mengi kuliko kurasa nzima za maelezo.

Majalada binafsi ya watumishi tuliyapa muda mrefu kuliko yote, kwa sababu pale ndo maisha ya mtu yalipo. Barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa cheo, hizo zikikosekana mtumishi anastaafu halafu anaanza kuzungushwa, baba wa watu anaambiwa alete mwenyewe barua ya 1988 wakati mwajiri ndiye aliyepaswa kuitunza. Wengi mnaukumbuka uhakiki wa vyeti wa 2017, ile taarifa iliyotaja watumishi 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi. Uhakiki wowote wa namna hiyo unadai jalada binafsi liwe limekamilika kabla, sio watu waanze kukimbizana na makaratasi siku zoezi limetangazwa. Kwa hiyo kila tulikopita tulichukua sampuli ya majalada ya watu waliobakiza muda mfupi kustaafu tukaangalia kama nyaraka za msingi zimo, na orodha ya mapungufu tuliwakabidhi utumishi siku hiyohiyo bila kungoja ripoti, maana mengine hayawezi kusubiri saini za watu.

Upande wa kumbukumbu tuli, zile ambazo hazitumiki kila siku, hali ni nzito. Unafunguliwa stoo unakuta mafaili yamerundikwa mpaka dari, viti vibovu juu yake, bomba la maji linapita juu. Ukiuliza kwa nini hayajaondolewa unaambiwa tunaogopa. Na wanaogopa kwa haki, huwezi kuteketeza kumbukumbu za umma bila idhini ya Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, lakini njia ya halali ipo, unaandaa mwongozo wa muda wa kuhifadhi na kuteketeza, unapitishwa, zinazostahili kutunzwa zinahamishwa kwenye Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu Dodoma, zilizomaliza muda zinateketezwa kwa utaratibu. Ofisi isiyo na huo mwongozo itabaki na lundo hata ijengewe stoo nyingine tatu. Sisi tulipima lundo kwa mita, urefu wa raki ambao lingejaza, kwa sababu ukimwandikia mkuu wa taasisi "kuna mrundikano" atasoma na kupita, ukimpa mita anaweza kupanga bajeti ya watu na maboksi.

Kwenye kompyuta tuliuliza swali moja tu. Huyu ofisa akihama kesho, barua pepe zake za kazi zinabaki wapi? E-Ofisi, mfumo wa serikali wa kushughulikia barua na majalada kwenye kompyuta, imesaidia sana pale inapotumika vizuri, barua unaiona imekaa kwa nani na tangu lini, ila maagizo mengi siku hizi yanatolewa kwenye makundi ya WhatsApp, uamuzi unafanyika huko, na kwenye jalada hakuna kitu. Na nyaraka nyingine zimeskaniwa zikapewa majina ambayo hata aliyeskani hawezi kuyatafuta tena.

Kutoa matokeo ndo palikuwa na ugumu wake. Kuna mkuu mmoja alikataa kabisa, akasema ofisi yake ina cheti cha ubora na masjala yake ni ya mfano. Hatukubishana naye, tulimwomba kwa heshima, "Mzee, chagua wewe mwenyewe barua yoyote uliyosaini mwaka jana, tuombe jalada lake." Akachagua. Tukakaa, chai ikaletwa ikaisha, jalada halijaja. Baada ya hapo kikao kilienda vizuri na yeye ndiye aliyeagiza maofisa wote warudishe majalada masjala ndani ya wiki hiyo. Pia hatukutoa alama moja ya wastani, wastani unaficha, taasisi inapata nyingi kwenye sera na vifaa halafu kwenye kupatikana kwa jalada iko chini kabisa na ukichanganya inaonekana nzuri tu. Kila eneo tuliliacha na alama yake.

Tuliporudi kufuatilia, ofisi kadhaa walikuwa wameanza kuandaa mwongozo wa uteketezaji, na mbili tatu wakuu wa masjala wanajipima wenyewe kila robo mwaka kwa ileile sampuli ya barua ishirini. Suala la barua pepe na WhatsApp bado, watu wa tehama wanasema ni la masjala, masjala wanasema ni la tehama, na kwenye ripoti ya pili tumependekeza mkuu wa taasisi amtaje kwa barua mtu mmoja wa kulibeba.