Alasiri ya picha Haller Park

Jamani, kama uko Mombasa na unapenda kupiga picha, nenda Haller Park, ile bustani ya wanyama pale Bamburi, na uende alasiri. Jua la saa sita linaunguza picha zote. Jioni mwanga unapenya kwenye mivinje, na twiga wanang'aa. Nilimlisha mmoja kwa mkono wa kushoto, simu iko kulia: ulimi mweusi, mrefu, unazunguka vidole, na kope zake, mashallah!

Lakini picha ninayoipenda zaidi ni ya kobe mkubwa wa Aldabra. Nililala kifudifudi nikamngojea ainue shingo. Mikunjo yote ya ngozi imetoka, hata vumbi la puani. Mnamkumbuka Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004? Hapa ndipo alipoletwa, akafanya urafiki na kobe aliyeitwa Mzee.

Na pote hapa palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mawe matupu, hadi René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alipoanza kupanda miti mwaka 1971. Wapelekeni watoto wakaone. Mkifika kwa mamba, subirini afungue mdomo, na flashi zimeni.