Usiku Buibui Alipolala Chali

Desemba 2021 nilikuwa mwanafunzi mjini Leipzig, Ujerumani, nikikaa nyumba moja na kijana wa Kijerumani aliyekuwa akifuga tarantula. Alipokwenda kwa wazazi wake kwa ajili ya Krismasi, aliniachia buibui huyo pamoja na maelekezo ambayo yalinishangaza kwa ufupi wake: kisahani cha maji kisikauke, nyenje mmoja kwa wiki anatosha, na mkono wangu usiingie ndani ya sanduku la kioo, kwa kuwa buibui mzito wa namna ile akianguka kutoka kiganjani tumbo lake linaweza kupasuka.

Alikuwa wa aina ya Tliltocatl albopilosus, ambayo asili yake ni Amerika ya Kati, mwenye rangi ya kahawia na nywele ndefu zilizojipinda. Alitandikiwa makumbi yaliyosagwa, jambo lililonichekesha, maana kwetu Pangani makumbi ni ya kuwashia moto na kusokotea kamba, na sikuwahi kufikiri kwamba yangeweza kuuzwa Ulaya ili buibui apate mahali pa kuchimba. Niliwahi kumuuliza mwenyewe kwa nini hakuchukua buibui wa kwetu, yule wa rangi ya chungwa wa Afrika Mashariki aitwaye Pterinochilus murinus, ambaye wafugaji wa Ulaya wanampenda sana. Akanijibu kwamba huyo asingeniachia hata kwa siku moja. Buibui wake akiudhika humrushia adui nywele za tumboni, ambazo huwasha ngozi na kuumiza macho. Wa kwetu hana nywele hizo, na kinga yake ni mbio na kuuma.

Mara tu baada ya yeye kuondoka, buibui aliacha kula. Nyenje walimpita karibu na miguu naye akawakwepa, akashinda amejikunyata penye mlango wa shimo lake. Tumbo lilikuwa limejaa, na ile sehemu yenye upara mgongoni mwa tumbo, ambapo nywele zilikuwa zimekwanguliwa, iligeuka kuwa nyeusi. Mama, niliyekuwa nikizungumza naye kwa simu, aliuliza ni kwa nini mwanawe aliyekwenda kusoma analala nyumba moja na dudu lisilokula, na sikuwa na jibu la maana.

Jioni moja nilimkuta ametandaza utando mweupe juu ya makumbi, naye amelala juu yake chali, miguu yote minane ikitazama juu. Niliamini amekufa. Nilimpigia simu mwenyewe nikiwa nimeshatayarisha maneno ya pole, lakini alichouliza kwanza ni iwapo miguu ilikuwa imekunjwa chini ya mwili. Nikamwambia la, imetawanyika. Basi akanieleza kwamba buibui wa aina hii hunyoosha miguu kwa msukumo wa maji ya mwilini, hivyo akifa, au akikaukiwa sana na maji, miguu hujikunja kwa ndani, na mara nyingi hufia kifudifudi. Aliyelala chali anajivua gamba, na kazi yangu ilikuwa kumwacha: nisimguse, nisimgeuze, nisimnyunyizie maji.

Kulikuwa na jambo moja tu lisiloweza kuachwa. Nyenje wa mchana ule alikuwa bado mle ndani, chini ya kipande cha gome, na buibui anayejivua gamba ana mwili laini usioweza kujitetea, hivyo nyenje mwenye njaa anaweza kumtafuna akiwa hai. Nilimtafuta kwa mwanga hafifu wa simu na kumtoa kwa kibano kirefu, jasho likinitoka katika chumba ambacho nje ya dirisha lake kulikuwa na barafu.

Kisha nilikaa nikitazama. Kwa muda mrefu hapakuwa na chochote cha kuona. Halafu gamba la mgongoni likaachana na mwili kama kifuniko cha chungu, ngozi ya tumbo ikapasuka ubavuni, na buibui akaanza kuvuta miguu yake kutoka ndani ya ile ya zamani, kidogo kidogo, akisukuma na kupumzika. Hata meno yake ya sumu aliyavua. Mapya yalikuwa meupe kabisa, na niliagizwa nisimpe chakula mpaka yawe meusi, kwa sababu kabla ya hapo ni laini na yanaweza kuharibika.

Kulipokucha nilituma picha, nikitarajia pongezi. Mwenyewe alinyamaza kidogo, kisha akaomba picha nyingine ya karibu, ya miguu ya mbele. Palikuwa na vikulabu chini ya miguu hiyo, na vile viungo viwili vifupi vilivyo kando ya mdomo vilikuwa vimevimba nchani. Alikuwa dume, na sasa amekomaa. Jike wa aina hiyo huweza kuishi zaidi ya miaka 20, akijivua gamba hata uzeeni, lakini kwa dume gamba la ukomavu kwa kawaida ndilo la mwisho, na baada yake hana maisha marefu.

Tabia yake ilibadilika upesi. Aliyekuwa akishinda shimoni sasa alizunguka usiku kucha kandokando ya kioo, akigongagonga makumbi kwa miguu ya mbele, na chakula hakikumvutia tena. Mwenyewe aliporudi aliamua kumkabidhi kwa mfugaji mwenye jike, kwa makubaliano ya kugawana watoto. Mfugaji huyo alifika na kikopo chenye karatasi laini yenye unyevu, akataka kujua kama dume alikuwa ameshasuka ule utando mdogo anaodondoshea mbegu ili azifyonze kwa vile viungo vya mdomoni, kwa kuwa bila hivyo angemkuta jike mikono mitupu. Nilimwonyesha mabaki yake yaliyochanika pembeni ya sanduku, akaridhika, akafunga kifuniko.