Mstari Huu Unasema Nini, Mwalimu?

Jirani karudi shamba jana jioni, shati limegeuka manjano, na harufu ya salfa ikaingia hadi jikoni kwangu. Nikaacha kuchambua mchicha. Kila mwaka wakianza kupuliza mikorosho, yule mtoto hunirudia.

Ilikuwa Newala, Mtwara, shule ya mchanga mwekundu na ndoo za maji. Darasa la sita, sayansi, na mimi mgeni. Chuoni mkufunzi alitufundisha ramani ya dhana: Joseph Novak na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, miaka ya 1970, walitafuta njia ya kuona uelewa wa watoto katika sayansi unavyobadilika. Dhana unazitia kwenye visanduku, unaziunganisha kwa mistari, na juu ya kila mstari unaandika neno ili usomeke kama sentensi. Hilo la mwisho nililisahau. Niseme kweli: nililiruka, lilinichosha.

Juu ya ubao nikaandika: "Ua la mkorosho linakuwaje korosho?" Chini yake visanduku: ua, chavua, mdudu, bibo, korosho, ubwiriunga (ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho), salfa. Mistari nikaichora kama buibui aliyelewa uraka.

Mkono ukanyooka dawati la nyuma.

"Mwalimu, huu mstari wa salfa na mdudu unasema nini?"

"Vinahusiana."

"Vinahusiana vipi?"

Chaki ikanikatikia mkononi. Mimi mtu wa Singida, mkorosho niliuona mara ya kwanza dirishani mwa basi. Nilidhani salfa inaua wadudu, basi. Nikamwita mbele nikitumaini ataogopa. Wapi! Alikuja, na kwa kuwa dasta ilikuwa mkononi mwangu, akaufuta mstari wangu kwa kiganja, polepole, kama anayefuta meza mbele ya mgeni. Akachora mwingine toka salfa hadi ubwiriunga, juu yake akaandika "huzuia". Toka ubwiriunga hadi ua: "hukausha".

"Mdudu ana dawa yake nyingine, mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, nadhani kunisitiri. Darasa likaanza kusoma bila kuambiwa: salfa huzuia ubwiriunga, ubwiriunga hukausha ua.

Hakurudi kukaa. Toka kwenye korosho akavuta mstari mrefu hadi ukingoni kabisa mwa ubao. Juu yake: "zikiuzwa". Mwisho wake, kisanduku: "daftari".

Nikamwambia hilo si la sayansi. Nikalifuta. Kengele ikalia.

Usiku nikisahihisha, daftari baada ya daftari lilikuwa na ule mstari unaokwenda ukingoni. Nilikaa na kalamu nyekundu hadi kibatari kikaanza kutoa moshi. Vema sikuweka, kosa sikuweka. Nilitia sahihi tu.